Daraja la tao la zege: namna ya kuujua umri wake bila kumsingizia Mreno

Hapa Malindi kitu chochote cha zamani kisichojulikana mwenyewe basi ni cha Mreno. Kisima kimekauka, cha Mreno. Ukuta umebaki nusu, wa Mreno. Juzi kwenye grupu ya WhatsApp ya familia mtu katuma picha ya lile daraja dogo la tao huku nyuma upande wa Ganda, lile linalovuka mto wa msimu, mwaka mzima mchanga mtupu halafu masika ikija inakuja na miti mizimamizima, akaandika chini "daraja la Mreno, miaka mia tano" na watu wakaanza kumwaga makopakopa. Nikataka kucheka nikajizuia, manake hata mimi nshawahi kupotosha watu kuhusu daraja hilohilo. Kuna siku nlipita nalo na watoto wa madrasa nkawaambia kwa sauti ya mwalimu kabisa kwamba limejengwa 1964, kisa nimeona 64 imechorwa kwenye saruji. Nayo ilikuwa si kweli. Kwa hivyo nitaeleza hapa vile mtu anaweza kulikalia daraja la aina hii mpaka liseme lenyewe, na huhitaji kuwa injinia, mimi mwenyewe si injinia.

Mreno kwanza tummalize. Vasco da Gama katia nanga hapa 1498, Wareno wakanyang'anywa Fort Jesus 1698. Saruji hii tunayoijua sisi, Portland, ni Muingereza Joseph Aspdin kaisajili 1824. Na zege la kutiwa chuma ndani ndo la juzi kabisa, kuna Mfaransa akiitwa Joseph Monier, mtu wa bustani, alianza kwa kuweka waya kwenye vyungu vya saruji vya kupandia miti ili visipasuke, akaendelea hivyo hivyo mpaka 1875 akajenga daraja dogo la miguu kwenye kasri moja la Chazelet. Marekani daraja lao la kwanza la zege lenye chuma ni la 1889, Alvord Lake pale San Francisco, fundi wake Ernest Ransome. Sasa wewe piga hesabu. Ukiona tao la zege na nondo zinachungulia, Mreno hayumo hapo, mtoe kabisa kwenye hadithi.

Ila hakikisha kwanza kama ni zege. Huku kwetu kuna matao mengi ya mawe ya tumbawe na chokaa, na likishapakwa plasta huwezi kujua. Tafuta pembe iliyomeguka, kwaruza na ufunguo. Chokaa ya zamani inatoka unga mweupe na inakubali kukwaruzwa, zege linakukatalia, linakuacha na mstari wa kijivu na ufunguo umeharibika. (Usitumie ufunguo wa pikipiki, mimi niulizeni.)

Nenda kiangazi, Februari au Machi kabla mvua za Aprili hazijaingia, kwa sababu kazi kubwa iko chini sio juu. Watu wengi wanaenda kupiga picha barabarani, wanasoma kibao, wanarudi. Juu ya daraja ndio sehemu yenye uongo mwingi! Lami imewekwa juzi, ukuta wa pembeni umegongwa na lori ukajengwa upya, rangi ya uchaguzi uliopita. Chini ya tumbo la tao hakuna aliyeenda kupaka rangi. Beba tochi, futi ya fundi au kamba yenye mafundo, chaki, panga, nyundo ndogo, na mtu wa pili. Popo watakuwepo, na harufu yao. Kama daraja lenyewe liko kwenye mto wenye maji mwaka mzima mfano Sabaki, hapo usishuke, mle mna mamba na viboko, tumia darubini ukiwa ukingoni inatosha.

Ukishafika chini simama kwanza uelewe kitu unachokiangalia. Wale waliokulia nyumba za mawe za zamani, Lamu hasa, mnajua vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, na sababu ni boriti. Mti wa mkoko una mwisho wake, ukiulaza juu ya kuta mbili zilizoachana sana unapinda, upande wa chini unavutika mpaka unapasuka. Hata wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hii hadi ile, kinabebwa na boriti kwa sababu kichochoro chenyewe ni chembamba. Lakini mlango wa tao au mihrabu ya msikiti haina boriti, ni mawe yanasukumana. Kila jiwe linambana mwenzake, mzigo unateremka kwa pembeni mpaka kwenye ukuta. Tumbawe linapenda kubanwa halipendi kuvutwa, na zege ni vilevile, tabia moja. Ndio mana wajenzi wa mwanzo wa zege waliling'ang'ania tao, na mengine hayana chuma hata kimoja. Kule Uskoti kuna daraja la reli la Glenfinnan, matao 21, lilianza kupitisha treni 1901, zege tupu halina nondo. Kwa hivyo usipoona nondo hata pale lilipomeguka, usifikiri umekosea, labda hazimo.

Kitu kingine cha haraka hapo: angalia uso wa tao kama pamechorwa mistari ya mawe na lile jiwe la katikati juu kabisa, linaloonekana kama kabari. Kwenye tao la mawe hilo jiwe lina kazi, bila hilo linaanguka. Kwenye zege ni pambo tu, zege limemwagwa kama uji, halina jiwe la katikati. Wajenzi wa zamani walikuwa wanaona aibu na zege, wanataka lifanane na mawe. Lile la Alvord Lake nlilolitaja, si tu wamelichonga kama mawe, chini yake wametundika na machongo ya saruji kama yale yanayoning'inia pangoni. Ukikuta urembo kama huo kwenye daraja lako ujue aliyelijenga alikuwa bado anaona mawe ndio uungwana.

Haya sasa tumbo lenyewe. Washa tochi uielekeze kwa ubavu, usimulike moja kwa moja, mwanga wa ubavu ndio unaotoa alama. Utaona mistari imelala sambamba, hizo ni mbao zilizoshikilia zege likiwa bichi. Kwenye la Ganda nlikaa chini yake kama nusu saa nkaona mpaka vifundo vya mbao vimejichapa, na sehemu moja kichwa cha msumari kimebaki mle ndani, kimeshika kutu, kimeteremsha mchirizi mwekundu mrefu kama kiganja. Pima upana wa ubao mmoja mmoja. Ukikuta zote zimelingana ni mbao za kununuliwa kiwandani, ukikuta hii pana hii nyembamba ni mbao za kupasua kwa mkono. Ila hapa kuna mtego, huku mbao tunauziwa kwa inchi mpaka leo, kwa hivyo ubao wa inchi sita haukwambii mwaka.

Kinachokwambia ni upana wa tao. Pima kutoka mguu hadi mguu pale chini linapoanzia kupinda. La Ganda lilinipa mita 6 na sentimita 10, nkapima tena nkijua nimekosea, ikaja ileile. Namba gani hiyo ya ajabu, nani anachora daraja la mita 6 na nukta moja? Mpaka nkageuza kwa futi, ikatoka 20 kamili. Mchoraji alikuwa anafikiri kwa futi, yaani kabla nchi haijahamia mita. Hii ndo mbinu naipenda kuliko zote, haina gharama na haina maneno mengi. Pima na urefu wa kwenda juu, kutoka ule mstari wa miguu mpaka kilele. Ukitaka kujua kama ni kipande cha duara, chukua nusu ya upana uizidishe kwa yenyewe, jumlisha urefu wa juu nao ukizidishwa kwa wenyewe, gawa kwa urefu wa juu mara mbili, hapo umepata nusu kipenyo cha duara lake. Mfano upana mita 6, urefu mita moja na nusu: 9 jumlisha 2.25 gawa kwa 3, ni 3.75. Kata kamba ya urefu huo, chora mchangani, linganisha na picha. Likikataa basi si duara, aliyelichora alipiga hesabu zaidi.

Nondo. Tafuta zilipofichuka, kwa Pwani hutakosa, chumvi inaingia ndani ya zege, chuma kinashika kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwa hivyo inalisukuma zege mpaka linabanduka kama ganda la mkate. Kama walichanganya na mchanga wa bahari ndio kabisa. Nondo laini ya duara isiyo na mikunjo inaelekea zamani, yenye mbavumbavu inaelekea siku zetu hizi. Ya pembe nne iliyosokotwa ndiyo ya kuchanganya akili, Ransome huyohuyo wa San Francisco aliisajili 1884, lakini hapa Kenya fundi wamejengea nyumba mpaka juzijuzi, kwa hivyo peke yake haithibitishi chochote. Angalia na kokoto, kama ni vipande vyeupe vya tumbawe au mawe meusi ya kusagwa. Na kuhusu saruji kumbuka kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha 1954, daraja la kabla ya hapo usiliandikie Bamburi hata kama mzee kaapa.

Nyufa usizipite. Watu wanaziona kama uharibifu tu, kumbe ni maandishi. Kuna Mswisi Robert Maillart, alijenga daraja la Zuoz 1901, baada ya miaka miwili kuta za pembeni karibu na ukingo zikatoa nyufa. Mwengine angepaka plasta. Yeye akakaa akaziangalia akajiuliza, kama ukuta umepasuka hapa na daraja bado limesimama, si ina mana hapa ukuta hauna kazi? Daraja lake la Tavanasa la 1905 akauondoa kabisa ukuta pale, akaacha wazi, likawa jembamba, na hapo ndipo lilipotoka lile la Salginatobel la 1930, tao la mita 90 juu ya bonde, alilolishinda kwenye shindano la michoro 19 na kilichombeba hasa ni bei yake kuwa chini. Tavanasa lenyewe lilibebwa na maporomoko 1927, maskini. Kwa hivyo ufa uuchore, uandike unaanzia wapi unaishia wapi, mwembamba wapi mpana wapi. Ufa unaokatisha katikati ya kilele ni hadithi moja, ufa kati ya tao na ukuta wa pembeni ni nyingine, mara nyingi huo wa pili unakwambia ukuta uliongezwa baadaye. Gonga kwa nyundo taratibu pande zote, panapolia kama debe tupu pameachana ndani.

Na hapo ndio tunafika kwenye ile 64 yangu. Iko kwenye ukuta wa pembeni juu, imechorwa na kijiti saruji ikiwa mbichi, na pembeni yake kuna nyayo tatu za kuku, kapita akaenda zake. Nlipolala kifudifudi nkaangalia kati ya ukuta na tao nkaona mstari, rangi mbili tofauti, huku juu mchanga mwekundu huku chini kijivu na tumbawe. Kumbe kuku kapita kwenye ukuta, hakupita kwenye daraja. Daraja lina siku za kuzaliwa nyingi, la tao, la ukuta, la lami, na namba iliyoandikwa ni ya yule aliyekuwa na kijiti siku hiyo.

Ukitoka chini nenda kwa wazee, na tafadhali usiende na swali la "lilijengwa mwaka gani". Hakuna anayekumbuka mwaka, utampa aibu atakutajia wowote. Nenda na matukio. Kwa Malindi mimi nina yangu: Wataliani kuangusha mabomu hapa 1940, mafuriko makubwa ya 1961, Uhuru 1963, setelaiti ya kwanza kurushwa Ngomeni 1967, kufariki kwa Mzee Kenyatta 1978, daraja la Kilifi kufunguliwa 1991, El Nino ya 1997. Uliza kabla au baada. Na uliza vitu vidogo. Kuna bibi mmoja jirani na pale, nlimwamkia shikamoo, tukakaa, chai ikaja, nkamuuliza bibi ulipolivuka mara ya kwanza ulikuwa umebeba nini? Akacheka akasema kuku wawili wa kupeleka sokoni na mtoto mgongoni. Mtoto gani bibi? Huyo hapo, akaelekeza mlangoni, mzee mwenye mvi kabisa anatengeneza kiti. Nkamuomba kitambulisho nikitazame mwaka tu, 1959. Basi, 1959 au mara tu baada ya hapo daraja lilikuwepo, na sikumuuliza mwaka hata mmoja. Halafu akaongeza mwenyewe, mafuriko yalipokuja maji yalipita juu yakachukua kuta za pembeni, ikakaa hivyo hivyo watu wanavuka kwa kuogopa, mpaka wakaja kuzijenga tena. Kuku wangu yule ameshapata baba.

Uliza na vibarua walikuwa nani, nani alipika, nani aliumia. Tao la zege haliwezi kusimama mpaka likauke, kwa hivyo kwanza wanajenga kiunzi cha mbao cha kulibeba, na hapo ndipo penye hatari. Sweden kule Sandö walikuwa wanajenga tao la mita 264, tarehe 31 Agosti 1939 kiunzi kikaanguka watu 18 wakafa. Kesho yake Hitler akaingia Poland vita vikaanza, nani tena angeandika habari za daraja. Daraja lilimalizika 1943 na likawa tao refu kuliko yote ya zege duniani mpaka 1963 lile la Arrábida la Porto, Ureno, lilipolipita kwa tao la mita 270. Nalisema hili kwa sababu unaweza kufungua gazeti la mwaka wako ukakuta kimya, ukadhani hakuna kilichotokea, kumbe wiki hiyo kulikuwa na kelele kubwa zaidi. Soma na wiki zinazofuata.

Karatasi ziko wapi. Nairobi, nyaraka za taifa ziko Moi Avenue pale katikati ya mji, lile jengo lililokuwa la Bank of India. Omba mafaili ya idara ya kazi za umma ya mkoloni, PWD wazee wanaiita hivyo mpaka leo, na ripoti za mwaka za DC wa wilaya yako. Gazeti rasmi la serikali la miaka ya nyuma limeskaniwa, mengi unayasoma kwa simu kwenye Google Books, matangazo ya tenda na ya kufunga barabara yamo humo. Siri ni moja, usitafute kwa jina la daraja, madaraja madogo hayakuwa na majina. Tafuta jina la mto, au barabara na maili, manake waliandika "maili ya tisa kutoka" mahali fulani, kwa hivyo hesabu maili zako kabla hujaondoka nyumbani, na ujaribu tahajia zote za jina la mto jinsi Mzungu angelisikia. Ramani za 1:50,000 za Survey of Kenya angalia toleo la zamani na jipya, uone barabara ilikuwa inapita wapi. Ile ya Google Earth ya kurudisha picha nyuma ni nzuri ila hairudi mbali, itakusaidia kujua lami ilikuja lini, si zaidi.

Usidhani barabara na daraja ni mapacha lakini. Bixby kule California, lile tao linalopigwa picha sana juu ya bahari, lilimalizika 1932 na barabara yenyewe haikufunguliwa yote mpaka 1937, miaka mitano daraja lipo na njia ya maana hakuna. Na kinyume chake pia, njia inaweza kuwa ya mababu na daraja limekuja jana, ndio mana tembea hatua mia juu na chini ya mto utafute kivuko cha zamani, mawe yaliyopangwa, ukingo uliochimbika. Kilifi feri iliondoka kitambo lakini watu bado wanapaita Old Ferry.

Ukishakusanya usiandike mwaka mmoja kama huna karatasi mkononi. La Ganda nimeliandika hivi: tao ni la enzi za futi, nondo laini, kokoto za tumbawe, lilikuwepo tayari miaka ya mwisho ya 1950, kuta za pembeni zilichukuliwa na mafuriko ya 1961 zikajengwa tena, na 64 ni ya kuta hizo. Nimechapisha kurasa nne na picha, nakala moja kwa yule bibi, mwanawe ndio anamsomea. Kwenye grupu shangazi kanijibu "mashallah kazi nzuri, kumbe Mreno alikuwa anatumia futi." Nimemwacha.

Kuna ufa mmoja kule chini upande wa mashariki haujanipendeza, unatoka mguuni unapanda kama urefu wa mkono. Nimetia alama ya penseli pale ncha yake inapoishia, na tarehe pembeni, na picha nimeweka sarafu ya shilingi kumi ionyeshe ukubwa. Masika ikipita mchanga ukikauka nitashuka tena na tochi nitazame kama ncha bado iko kwenye penseli.